Mashine ya Muhsin

Mimi nafagia barabara za kaunsili, na mwaka mzima nimemwambia mama kaunsili, wenye nyumba hii, watakuja kuondoa kuvu ya ukutani inayomkohoza. Leo jirani yetu Muhsin kaleta mashine ya kukausha unyevu ya kampuni anayofanyia kazi. Maji yakaanza kudondoka ndooni.

Mama akalifukiza udi koti la Muhsin. Langu hulifukiza sikukuu tu.

"Hiyo serikali yako tungeisubiri mpaka kiama," akanambia mbele yake.

Muhsin akacheka. "Usimseme, bi mkubwa. Barabara anafagia vizuri."

Alipoondoka, mama akalala bila kukohoa. Chumba kizima kilinukia udi wa Muhsin.

Nikaweka kidole kwenye swichi ya kuzimia mashine, nikasikiliza mama anavyopumua.