Mtaalamu wa Baba

"Msikilize huyu bwana," baba alisema, akaweka uma kando ya tambi na kusoma kwenye simu. "'Wakulima wa Ingham, mafuta ya ndege ya kesho yatatoka kwenye mtama wenu.'"

Renata aliijua sentensi hiyo. Aliiandika mwenyewe asubuhi, kwa jina na picha ya mtaalamu wa kampuni ya mafuta hayo. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya kwa siri. Saa moja baadaye bosi alimwambia kiwanda cha kutengeneza mafuta hayo hakitajengwa, ila akaunti ya mtaalamu iendelee kutia watu moyo. Bosi husoma kila jibu.

"Wewe na chuo chako hamjawahi kuniambia jambo la maana kama hili," baba alimtania. "Nimemuuliza kabisa: ning'oe miwa yote nipande mtama? Trekta liko tayari."

Simu ilitetemeka mapajani mwa Renata.

"Baba, si ungesubiri kidogo?"

"Nisubiri nini? Nizeeke mara ya pili?"

Kidole cha baba kilichopasuka, masizi ya miwa iliyochomwa yamejaa kwenye nyufa, kilining'inia juu ya kioo cha simu.

Chini ya meza, Renata aligusa herufi ya kwanza ya jibu.

"Shh, mwanangu," baba alinong'ona, macho yakimng'aa. "Anaandika."