Mama Akifunga Kiatu

"Si yangu," msanii akakana kwa mara ya pili, wala hakuitazama sanamu.

Ilikuwa imewekwa katikati ya banda, nyuma ya nyumba ya dada yake: mwanamke wa faibaglasi, kimo cha mtu mzima, ameinama akifunga kamba ya kiatu. Rangi haikupata kupakwa; mwili wote ulikuwa na ukijani hafifu kama chupa ya zamani. Bega moja lilipanda kuliko jingine, na kisigino cha kushoto kilikuwa kinene kupita kiasi. Ilikuwa kazi ya mtu anayejifunza. Hata hivyo, aliyeitazama alitamani kumngoja yule mama amalize kufunga, waondoke pamoja.

Dada mtu alikuwa akiifuta vumbi, kidole chake kidogo, kilichopinda tangu utotoni, kikichomoza nje ya kitambaa kama ndoana. Kila alipofuta mara tatu alisimama kutafuta pumzi. Kwa miaka ishirini, kama watu wote walivyojua, alikuwa akimchanganyia mdogo wake utomvu na kumkatia nyuzi za kioo, pua wazi, na vumbi lile lilikuwa limejenga kifuani mwake. Miaka minne iliyopita daktari alimkataza kukanyaga bandani. Juzi daktari huyo huyo alimwambia kwamba asipopasuliwa mwezi huu, asipange ya mwezi ujao. Hospitali ilitaka malipo kwanza, na sanamu hii ndiyo mali pekee aliyobaki nayo.

"Mdogo wangu," akasema, "siombi fedha yako. Najua huna, hata hilo koti umeazima. Naomba neno moja tu. Sema ni yako, utie sahihi, bwana huyu aichukue."

"Dada, nimeshakwambia. Sikuifanya mimi."

"Acha maringo! Unaona haya kwa sababu ya kisigino? Nani aliyeanza kutembea kabla ya kutambaa?"

Dalali wa sanaa akacheka. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani, naye ndiye aliyeuza kazi zote za msanii huyu tangu jina lake lilipoanza kuvuma.

"Usijali, mama. Ndivyo walivyo. Kazi ya ujana wanaikana kama mtu anavyoikana picha yake ya shule. Lakini na wewe, mzee! Miaka minne hujatoa kitu, wateja wananiuliza kama bado uko hai. Hii wataipigania."

"Ipeleke bila jina langu."

"Niipeleke na nini? Mkono mtupu haulambwi, mzee wangu."

Ndipo dada akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Si jambo la kupendeza kumwona mkubwa akimpigia mdogo magoti, na dalali akageuza uso.

"Nakufa," dada akasema kwa sauti ya chini. "Wewe ulipotaka kitu, mimi nilikunyima nini?"

Jasho likamtiririka msanii shingoni. "Si yangu," akasema mara ya tatu.

"Basi tuiulize yenyewe," akasema dalali.

Kazi zote za msanii huyu zilijulikana kwa alama moja: ndani ya uwazi wa kifua, kiganja kilichokandamizwa katika utomvu kabla haujaganda. Magazeti yaliita alama hiyo muhuri wake. Dalali akawasha tochi, akakifungua kibao kilichofunika tundu la mgongoni, akamtaka radhi yule mama wa faibaglasi, kisha akaingiza kichwa. Sauti yake ikatoka humo kama ya mtu aliye kisimani.

"Kipo! Kiganja kipo! Kile kile, kama kwenye zile nyingine!"

Dada akalia kwa furaha, ameshika kifua. "Umeona? Umeona, mdogo wangu?"

Dalali alikwisha kutoa kamera. "Kama nilivyokuandikia, picha moja tu. Mkono wako ndani ya alama yako. Haijapata kupigwa popote."

"Haina haja."

"Njoo bwana, mkono hauumwi na kivuli chake."

Akamshika kwa utani, akauongoza mkono wake hadi ndani ya tundu. Ulikuwa mkono mpana, mkono wa ukoo wa baba yao. Haukuingia. Kiganja kilikwama juu ya kingo za alama, na kidole cha mwisho kikalala pasipo na kitu, kwa maana kile cha kwenye utomvu kilikuwa kimepinda kuelekea nje. Dalali akajaribu tena, polepole. Kisha akaizima kamera.

Msanii alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kazi kumi na tisa nimeuza," dalali akasema. "Zote zina mkono huu." Akavua miwani, akaifuta, asiivae. "Nionyesheni mwenye mkono huu. Sanamu hii naichukua leo hii hii, kwa jina lake, na hospitali nitapita kulipa mimi mwenyewe. Mama, wewe ulikuwamo humu bandani miaka yote. Ni nani?"

"Na mdogo wangu?"

"Huyo atakwenda kujieleza mbele ya hakimu."

Dada akainuka kwa shida. Akamtazama mdogo wake, kisha yule mama aliyeinama, kisha tena mdogo wake. Akaitia mikono yake yote miwili mifukoni mwa aproni, akangoja kikohozi kipite.

"Alikwisha kufa," akasema.