Kusikia Tu

Wewe umewahi kulaza sikio kwenye bomba la chuma saa saba mchana, jua la Sekenke linakuchoma mgongo, unamsikiliza mume wako aliyefukiwa? Selina alikuwa katika siku ya tatu sasa, shavu moja limeshababuka.

Aligonga bomba kwa jiwe mara tatu, akangoja. Kutoka chini, mbali sana, zikarudi tatu.

"Yupo!"

Wachimbaji sita wakarudi shimoni, mwanawe Fredrick akiwa wa mbele. Ndio utaratibu wa maduara, mashimo haya ya dhahabu: anayejibu haachwi.

Jumapili tu walikuwa wote nyumbani. Witness, binti yao anayesoma fizikia chuoni, alimpa baba yake Lazaro pindo moja la kanga, yeye akashika la pili, katikati wakaweka viazi vitamu viwili. Akasema mahali na wakati vimefumwa pamoja kama kanga ile. Mashimo meusi mawili, mazito kupita jua letu, yakizungukana mpaka yakagongana, yanakuwa moja na kanga nzima inatikisika. Kila kitu kinarefuka na kufupika, hata milima, hata mifupa yetu, ila kidogo mno hatujui.

"Mle ndani hautoki hata mwanga," alisema. "Tunachopata ni mtikisiko tu, nao unatufikia mambo yameshakwisha zamani."

Lazaro akacheka mpaka viazi vikadondoka. "Mtoto kaenda mpaka Dar kusomea mashimo, na baba yake anashinda humo bure!"

Selina hakucheka. Lazaro alikuwa ameapa kuacha duara, na kesho yake alikuwa anarudi tena. "Na sisi tunaosikia," alimuuliza binti yake, "tunafanya nini?"

"Hakuna, Mama. Ni kusikia tu."

Jumatatu Lazaro aliondoka bila kuagwa. "Mama Fredrick," alisema akiwa mlangoni, "ukimaliza kununa unigongee."

Sasa Leonidas, msimamizi wa duara, akaja kuchuchumaa karibu na bomba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mmefika wapi?"

"Zimebaki siku mbili za kuchimba. Na ukuta hautupi hata saa mbili."

Asubuhi ufa kwenye ukuta wa shimo ulikuwa unapitisha kidole. Sasa ulimeza ngumi, na changarawe zilikuwa zinachuruzika ndani yake kama mtama kwenye gunia lililotoboka.

"Nimewaambia vijana watoke, wamegoma. Fredrick anasema baba akijibu, hatoki mtu. Gonga tena, Mama."

Selina akagonga mara tatu. Akalaza sikio. Watu wote wakanyamaza, hata jenereta ikazimwa. Alikaa vile mpaka Witness akamshika bega.

"Mama?"

"Kimya," akasema Selina.

Leonidas akavua kofia yake ngumu, akapuliza filimbi. Wakatoka mmoja mmoja, Fredrick wa mwisho, matope mpaka kwenye kope, analia kwa sauti. Selina akawahesabu: sita. Witness akamshika kaka yake mkono, akampeleka kivulini, chini ya turubai.

Alipobaki peke yake, Selina akainama tena. Bomba lilikuwa bado linagonga: moja, mbili, tatu.

Akaweka mdomo kwenye chuma.

"Baba Fredrick," akasema, "nimemaliza kununa."