Maji ya Viazi

Bakuli lilimpata mdomoni kabla hajaketi. Jino likadondoka juu ya viazi, na uzi mwembamba wa damu nyuma yake.

"Miaka miwili unanilisha sabuni!" mumewe alinguruma. Figo zake zilishakufa, lakini mkono ulikuwa bado wa mchinjaji. Akamshika nywele, akambamiza kwenye mlango wa jikoni, mara mbili. "Nipikie kama wanavyopikiwa wanaume wenzangu!"

Akarudi kukaa, akihema.

Mke akamenya viazi vingine. Miaka miwili alivikata vyembamba, akavichemsha, akamwaga maji, akavichemsha tena. Nesi ndiye aliyemfundisha.

"Potasiamu inatoka na hayo maji, dada. Kwa mwenye figo nzima ni kinga ya presha. Kwa huyu wako, ikijaa kwenye damu, moyo unasimama bila kupiga hodi."

Siku ya kusafishwa damu ilikuwa keshokutwa.

Viazi vilipochemka, aliishika sufuria kwa tambara, akaiinamisha juu ya karo. Mvuke ulimchoma kwenye pengo. Akasimama hivyo mpaka vidole vikaanza kuungua.

Kisha akairudisha motoni na maji yake yote, akapondea humo nyanya nne, ambazo nesi alizikataza kabisa.

Mume alikula mpaka akaramba sahani. "Kumbe unajua kupika! Mpaka upigwe?"

Ulimi wa mke ulikuwa kwenye pengo, bado linavuja damu.

"Pole, mume wangu," alisema. "Nikuongeze?"