Karanga za Kwenye Simu

Simu zilipokwisha kuingia msituni, alikuwako Kuchakuro, mcha Mungu asiye na subira. Kicheche akamwambia, "Shoga, nitumie karanga ulizoweka akiba ya masika, uzione zikizaana kwenye simu."

Akatuma zote. Za mkwewe Nungunungu nazo akaziomba, akatuma.

Zikazaana kweli, mpaka kioo cha simu kikajaa. Masika yakaingia, akazidai.

"Tuma kwanza karanga za kutolea," akasema Kicheche.

"Si uzikate humo humo kwenye zangu?"

Kicheche akazima simu.

Nungunungu akabisha hodi, tumbo limeshikana na mgongo. "Mwanangu, karanga zetu zimefika wapi?"

"Zimefika magunia kwa magunia, mama. Karibu tuziangalie."

Wakaziombea dua ya chakula, wakaziangalia.