Meno ya Mdoli wa Kidato cha Tatu

“Upande wa kushoto bado yanabana. Punguza kidogo.”

Alistidia aliusoma ujumbe wa Mwalimu Rugaibula, akasonya. Hii ilikuwa mara ya nne kuyachora upya meno yale. Taya, kope na shingo ya mdoli vilikwisha wiki mbili nyuma. Vilitoka kwenye printa yake ya 3D hapo Kashai, mjini Bukoba, wanafunzi wa Mwalimu, kidato cha tatu huko Muleba, wakavifunga mota, na mdoli wao, babu msimulia hadithi, akaanza kupepesa macho. Yalibaki meno tu.

Mwalimu alifika Bukoba mara moja tu, amevaa barakoa, akilalamikia mafua. Alimwachia ufizi wa udongo, eti wanafunzi wameufinyanga, uwe kipimo. Tangu hapo hakupiga simu hata siku moja. Ujumbe tu.

“Ongeza magego,” aliandika safari moja.

“Ya nini, Mwalimu? Watazamaji hawatayaona.”

“Wanafunzi wangu hawapendi kazi nusunusu, Ma Alistidia.”

Kesho yake: “Rangi isiwe nyeupe kama chaki. Iwe ya mtu anayekunywa kahawa.”

Alistidia alivumilia. Kwenye maonyesho ya shule wangekuja walimu wa wilaya nzima, na mdoli huyo ndiye angemtangaza. Nani angempa kazi nyingine kama meno yangechomoka mbele za watu? Akapunguza kushoto, akasugua kingo kwa msasa mpaka zikateleza, akafunga boksi na kulipeleka stendi, likapanda basi la Muleba.

Jioni jibu likaja: “Safi kabisa. Mungu akubariki.”

Siku ya maonyesho aliwahi, akakaa mstari wa mbele. Pazia likafunguliwa. Babu akapepesa macho, akageuza shingo polepole, akaachama kuwasalimu wageni.

Kinywani hamkuwa na jino hata moja.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama. Alistidia peke yake hakucheka. Usiku ngapi amekosa usingizi kwa ajili ya meno yale! Akainuka, akamfuata nyuma ya jukwaa Judica, mwanafunzi aliyeongoza mradi.

“Meno yangu mmeyapeleka wapi?”

“Meno gani, dada?” Judica alishangaa kweli. “Babu yetu ni kibogoyo tangu siku ya kwanza tulipomchora. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema akiwa hivyo atachekesha zaidi.”

“Na huyo Mwalimu wenu yuko wapi?”

Judica akaonyesha kwa kidole.

Mwalimu Rugaibula, safari hii bila barakoa, alikuwa ameketi meza ya wageni, ubavuni kwa Mwalimu Benadetha wa shule ya jirani, anamchekea meno yote nje na kung’ata hindi la kuchoma.