Bambo la Shufaa

Afisa wa benki aliweka fomu mbili, moja ya dhahabu na moja ya kijivu, juu ya gunia la mchele, dukani kwa Shufaa, Mwanjelwa.

"Mama, chukua hii kadi ya mkopo ya dhahabu. Kila ukinunua kitu unapata pointi. Zikijaa, tunakukatia tiketi ya ndege, Dar kwenda na kurudi."

Shufaa alikuwa ameshika bambo, kile chuma cha kuchoma gunia ili kuona mchele wa ndani. Miaka ishirini hajanunua mchele kwa kuutazama juu. Huchoma chini kabisa, ambako wauzaji huficha chenga.

Akaigeuza fomu ya dhahabu, akaweka ncha ya bambo kwenye maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho.

"Nisomee hapa, baba."

Afisa akasoma ada ya mwaka, makato ya kila mwezi, riba. Sauti ikawa inashuka.

"Hela hiyo inanunua tiketi mbili. Haya, na ile ya kijivu?"

Makato yake yalikuwa mstari mmoja. "Ila pointi zake chache, mama."

"Lete kalamu."

Afisa akacheka. "Mama, wewe ungefaa kufanya kazi benki."

"Na wewe," Shufaa akasema huku akitia sahihi, "ungefaa kuuza mchele."